Vidonge vya Vichocheo Viwili: Utangulizi

Kuna swali ambalo muuguzi wa Kadutu, muuza dawa wa Nyawera na mwanafunzi wa udaktari anayefanya mazoezi Panzi huulizwa kila mara, kwa maneno yanayokaribiana: kati ya vidonge hivi vya kupanga uzazi, ni vipi visivyo na shida? Anayeuliza huwa ameshasikia mengi. Dada yake alinenepa. Jirani alitokwa na matone ya damu mwezi mzima. Shemeji alivuka mto Ruzizi, akanunua vya paketi nyingine Kamembe, akarudi akisema vile ndivyo vizuri. Kitabu hiki ni cha mtu atakayeulizwa swali hilo na anayetaka kulijibu kwa haki, bila kumtisha mama wa watu na bila kumficha jambo.

Nianze na jambo ambalo wanafunzi wengi hulipokea kwa mshangao. Vidonge vingi ambavyo akina mama wa Bukavu huvilinganisha ni dawa ile ile. Microgynon ina mikrogramu 150 za levonorgestreli na mikrogramu 30 za ethinilestradioli. Combination 3, iliyokuwa ikigawiwa kwa msaada wa Marekani, ina kiasi hicho hicho. Lo-Femenal, ambayo wauguzi wakongwe bado wanaikumbuka, iliandikwa kuwa na mikrogramu 300 za norgestreli, na mtu angedhani ni kali maradufu. Lakini nusu ya norgestreli haina kazi yoyote mwilini, na nusu yenye kazi ndiyo levonorgestreli yenyewe. Tunarudi pale pale kwenye 150.

Basi mama aliyeacha moja akachukua nyingine, halafu kichwa kikaacha kumuuma, amebadilisha paketi tu. Wala hasemi uongo. Kichwa kimeacha kweli, kwa sababu miezi miwili au mitatu imepita na mwili umezoea, na angebaki na paketi ya kwanza huenda mambo yangekuwa hayo hayo. Ndiyo maana namwomba kila anayeingia katika taaluma hii ajizoeze kugeuza paketi na kusoma mstari wa herufi ndogo: estrojeni gani, kiasi gani, projestini gani, kiasi gani. Akishausoma, amtazame mama aliyeketi mbele yake, umri wake, presha yake, mtoto anayemnyonyesha, dawa nyingine anazomeza. Jina kubwa lililoandikwa juu ya paketi ni la mwisho kabisa kuangaliwa.

Namna vidonge hivi vinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Estrojeni na projestini zikiingia kila siku, ubongo hupata habari kwamba ovari ziko kazini tayari, nao huacha kutuma vichocheo vya kupevusha yai. Yai halitoki. Projestini pia huufanya ute wa shingo ya kizazi uwe mzito, mbegu za mwanamume zisipite kwa urahisi. Kwa wanaomeza bila kukosa hata siku moja, mimba hutokea kwa wanawake wasiofika 1 kati ya 100 kwa mwaka. Kwa watu wa kawaida wanaosahau, wanaosafiri, wanaoishiwa, hutokea kwa 7 hivi kati ya 100. Pengo hilo kati ya namba mbili limejaa maisha ya watu, na sehemu kubwa ya kitabu hiki inahusu pengo hilo.

Chukua bamba moja la Microgynon la aina inayotolewa kwenye vituo vya afya, lishike mkononi. Lina vidonge 28. Vidonge 21 ni vya rangi hafifu, na ndivyo vyenye dawa. Saba vya mwisho ni vya kahawia, navyo ni madini ya chuma, miligramu 75 za fumarati ya chuma kila kimoja, visivyo na kichocheo hata kidogo. Mishale inaonyesha njia ya kufuata. Mama akifika kwenye vidonge vya kahawia hupata damu, kwa sababu mwili umekosa vichocheo. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Mmoja anadhani vya kahawia ndivyo vinavyomtoa damu, anavitupa, halafu hajui tena siku ya kuanza bamba jipya. Mwingine anasubiri damu ikauke kwanza. Mwingine anaona damu ni kidogo kuliko zamani, anaogopa kwamba uchafu umebaki tumboni. Hakuna kilichobaki: ukuta wa mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba, na damu inayotoka ni ile iliyokuwapo. Kwa mama mwenye upungufu wa damu, kupungua huko pamoja na chuma cha wiki ya mwisho ni faida ya kweli.

Kosa la kuchelewa kuanza bamba jipya ndilo baya kuliko yote, kwa sababu ovari zimeshakaa siku 7 bila kuzuiwa, na siku chache za ziada zinatosha kuziamsha. Kidonge kimoja kikisahaulika, mama akimeze anapokumbuka na kuendelea. Vikiwa viwili au zaidi, ameze kimoja mara moja na atumie kondomu, au ajizuie, mpaka atimize siku 7 mfululizo za vidonge vyenye dawa. Na ikiwa ni katika wiki ya tatu, aviache vya kahawia na kuanza bamba jipya moja kwa moja. Akitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, ameze kingine. Kuhara kukali kunakozidi siku mbili kuhesabiwe kama vidonge vilivyokosekana, na katika miji yetu ya ziwa, ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, neno hilo lisemwe wazi kwa kila anayepewa bamba.

Sasa historia. Sitaipita haraka, kwa sababu ndani yake ndimo ilimozaliwa tabia ya kutowasikiliza wanawake, na tabia hiyo bado iko nasi.

Mwaka 1951, huko Mexico, kampuni ya Syntex ilitengeneza norethisteroni kutokana na viini vya viazi vikuu vya mwituni. Miaka mitano baadaye, Wamarekani Gregory Pincus na John Rock walikipeleka kidonge chao kufanyiwa majaribio Puerto Rico, katika mtaa wa nyumba mpya za serikali huko Río Piedras. Kidonge hicho, Enovid, kilikuwa na karibu miligramu 10 za projestini na mikrogramu 150 za estrojeni, yaani estrojeni mara tano ya Microgynon ya leo. Daktari aliyesimamia kazi, Edris Rice-Wray, alitoa taarifa ya haki: kinazuia mimba vizuri sana, lakini wanawake 17 hivi kati ya kila 100 walipata kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa na ya tumbo, na kwa maoni yake maudhi hayo yalizidi kiasi cha kukubalika na watu wengi. Pincus hakukubaliana naye. Aliona mengi yanatokana na hofu. Wanawake wale walikuwa maskini, na hawakuambiwa kwamba dawa waliyopewa ilikuwa bado inajaribiwa. Muda si mrefu dozi zilianza kushushwa, na kadiri zilivyoshuka, malalamiko nayo yalishuka. Walikuwa wakisema kweli tangu mwanzo.

Kushusha dozi kulianza mapema upande wa Ulaya, katika mji ambao wasomaji wetu wachache wanaujua. Daktari Ferdinand Peeters wa Turnhout, Ubelgiji, Mkatoliki, alitafuta mchanganyiko ambao wagonjwa wake wangeuvumilia, akafikia miligramu 4 za asetati ya norethisteroni na mikrogramu 50 za ethinilestradioli. Kampuni ya Schering iliuingiza sokoni mwaka 1961 kwa jina la Anovlar. Ni theluthi moja ya estrojeni ya Enovid, na kwa macho ya taaluma yetu ni mojawapo ya hatua kubwa zilizowahi kupigwa. Kongo ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja kabla, lakini amri ya kikoloni ya tarehe 26 Aprili 1933, iliyokataza kutangaza njia za kuzuia mimba, iliendelea kubaki vitabuni.

Mwaka huo huo wa 1961 jarida la Lancet lilichapisha habari ya muuguzi mmoja Mwingereza aliyepata mabonge ya damu mapafuni akiwa anatumia Enovid. Kesi nyingine zikafuata. Kufikia Desemba 1969 wakuu wa usalama wa dawa Uingereza waliwashauri madaktari wasitoe vidonge vyenye estrojeni inayozidi mikrogramu 50. Mwaka 1970 Baraza la Seneti la Marekani lilifanya vikao kuhusu vidonge hivi. Wanawake waliohudhuria walisimama ukumbini wakiuliza kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyeitwa kutoa ushahidi. Karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya paketi ya vidonge, ile ambayo wengi wetu huitupa bila kuifungua, ni tunda la mabishano hayo.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia yake. Mwaka 1972 Mobutu alizungumzia hadharani uzazi unaotakiwa, na kamati ya taifa ikaundwa mwaka uliofuata. Vituo vya Kanisa Katoliki, ambavyo ni vingi jimboni mwetu, hufundisha njia za asili kwa kufuata waraka Humanae Vitae wa 1968, na mwanafunzi atakayefanya kazi humo ajue kuzifundisha njia hizo vizuri, kwa heshima. Utafiti wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba wanawake 8 tu kati ya 100 walioolewa nchini walitumia njia ya kisasa, na wastani wa watoto kwa mwanamke ulikuwa 6.6. Sheria ya afya ya umma ya tarehe 13 Desemba 2018 ndiyo iliyosema wazi kwamba mtu mwenye umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya uzazi wa mpango baada ya kuelezwa na kukubali kwa hiari. Kwa waliooana kisheria inataka makubaliano ya wote wawili, lakini wakitofautiana kuhusu njia, matakwa ya yule ambaye mwili wake unahusika ndiyo yanayotangulia. Ninawasihi wauguzi waisome sheria hiyo wenyewe, kwa maana bado nasikia mama akirudishwa nyumbani kwenda kuleta sahihi ya mume kana kwamba neno la mume ndilo la mwisho.

Tuje kwenye maudhi na hatari. Nimeyatenganisha makusudi, kwa sababu kuyachanganya kunaumiza pande zote: mama anaacha dawa salama kwa ajili ya kichefuchefu, na mwingine mwenye presha ya kutisha anaendelea kumeza kwa sababu hajisikii vibaya.

Maudhi ya kawaida ni kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa, matone ya damu katikati ya mwezi, na kwa baadhi madoa usoni au kubadilika kwa hisia. Mengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku au baada ya chakula. Estrojeni ikipungua hadi mikrogramu 20, matiti na tumbo huweza kupata nafuu, lakini matone ya damu huongezeka. Kwa hiyo dozi ndogo haimaanishi raha zaidi kwa kila mtu. Mama ambaye kinachomkera ni damu isiyotabirika atafaa zaidi kwenye 30. Kuhusu unene, tafiti zilizolinganisha wanaotumia na wasiotumia hazikukuta ushahidi kwamba vidonge vya vichocheo viwili vinaongeza uzito kwa kiasi kikubwa. Kuhusu utasa, jibu ni fupi: havileti utasa, na wengi hushika mimba miezi michache baada ya kuacha. Hata hivyo mwanafunzi asilitamke jibu hilo kama mtu anayemfunga mwenzake mdomo. Katika mji ambao mwanamke asiyezaa hubeba lawama ya ukoo mzima, hofu hiyo ina msingi wake, na inastahili kukaliwa na kuzungumzwa.

Hatari kubwa ni damu kuganda ndani ya mishipa. Shirika la dawa la Ulaya lilipitia takwimu mwaka 2013 na kuzipanga hivi: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio na mimba, 2 hivi hupata tatizo hilo kwa mwaka, kwa vidonge vya levonorgestreli ni kati ya 5 na 7, kwa vile vya desogestreli, gestodeni au drospirenoni ni kati ya 9 na 12. Hapa ndipo kulinganisha vidonge kunapokuwa na maana hasa. Ndugu akimletea mtu kutoka Brussels kidonge kipya, cha bei ghali, kwenye paketi ya kupendeza, si lazima kiwe salama kuliko kile cha zamani cha kituo cha afya. Kwa upande wa damu kuganda, cha zamani ndicho salama zaidi. Mwaka huo wa 2013 Ufaransa iliacha kurudisha gharama za vidonge vya kizazi cha tatu, kama vile vya desogestreli na gestodeni, na habari hizo zilifika hadi kwetu zikiwa zimegeuka kuwa vidonge vyote vinaua. Haikusemwa hivyo. Mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko kidonge chochote nilichokitaja, na wiki za kwanza baada ya kujifungua huipandisha zaidi.

Kuhusu saratani, utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake milioni 1.8, ulikuta nyongeza ya wagonjwa 13 hivi wa saratani ya matiti kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Upande wa pili, vidonge hivi hupunguza saratani ya ovari na ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na kinga hiyo hudumu miongo kadhaa baada ya kuacha. Mama aelezwe yote mawili.

Kifaa chenye thamani kuliko vyote katika taaluma hii ni mashine ya kupima presha. Ikisoma 14 kwa 9 au zaidi, kama tunavyozoea kuandika, vidonge vya vichocheo viwili kwa kawaida havifai. Ikifika 16 kwa 10, havitolewi kabisa. Nakazia hili kwa sababu ni kipimo cha dakika chache ambacho hurukwa foleni ikiwa ndefu, na presha haipigi hodi. Havifai pia kwa aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, kwa mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, kwa mvutaji wa sigara aliyetimiza miaka 35, kwa mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini. Anayenyonyesha asipewe kabla ya wiki sita, na ni bora asubiri hadi mtoto afikishe miezi sita. Huyo yuko salama na kidonge cha kichocheo kimoja kama Microlut, chenye mikrogramu 30 za levonorgestreli bila estrojeni. Microlut na Microgynon: majina yanakaribiana, paketi zinakaa kwenye rafu moja, na kuna mama aliyejifungua juzi anayesubiri mezani. Hapo soma mara mbili.

Dawa nyingine ziulizwe kwa majina. Rifampisini ya kifua kikuu huvunja vichocheo haraka mno hivi kwamba kidonge hakitegemewi tena. Baadhi ya dawa za kifafa na efavirenzi ya zamani ya virusi vya UKIMWI hupunguza nguvu zake. Dolutegraviri haina shida hiyo. Mjini kwetu, ambako Pharmakina imetengeneza kwinini kwa miongo mingi na malaria haiishi, wengi huuliza kama dawa za malaria zinaua nguvu ya kidonge. Haziui. Antibiotiki za kawaida kama amoksisilini nazo haziui.

Tangu mwaka 2025 kumeongezeka tatizo ambalo vitabu vya zamani havikulifikiria. Msaada wa Marekani ulisimama Januari, na katikati ya Februari vita vikaingia Bukavu. Julai serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba dawa za uzazi wa mpango za dola milioni 9.7 zilizokuwa ghalani Ubelgiji zingeharibiwa, na Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotarajiwa kuzipata. Ghala likikauka, mama hupokea chochote kilichopo, leo paketi hii, mwezi ujao ile. Ujuzi wa kusoma mstari wa herufi ndogo unakuwa hitaji la kila siku: muuguzi anayejua kwamba paketi mbili ni dawa moja atamwambia mama aendelee bila kukatiza, na anayejua kwamba si moja atampima na kumweleza upya.

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba namba zangu nyingi zimetoka Ulaya. Denmark ina kumbukumbu za kila raia na kila dawa aliyonunua, na ndiyo sababu dunia nzima inajifunza kutoka kwake. Wanawake wa Kivu Kusini, baadhi wakiishi kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, wengi wao wakiwa na upungufu wa damu, baadhi wakiwa na siki seli, karibu hawamo katika namba hizo. Hatuna sababu ya kusubiri wengine waje kuwahesabu. Daftari la uzazi wa mpango lipo katika kila kituo cha afya cha Ibanda, Kadutu na Bagira, na kwa kawaida huandikwa siku mama anapoanza, kisha ukurasa hunyamaza. Ninachomwomba kila atakayekisoma kitabu hiki ni kuongeza mambo manne mbele ya jina: kidonge chenyewe pamoja na dozi zake mbili, presha ya siku hiyo, mwezi alioacha, na sababu ya kuacha kwa maneno yake mwenyewe mama. Sura ya kwanza inaanza na jinsi ya kuuliza swali hilo la nne.